Mwenzako Anameza Nini?

Hebu nikuulize swali la haraka haraka. Namba ya siri ya simu ya mwenzi wako unaijua? Na mshahara wake je? Wengi mtasema ndiyo, wengine mtacheka kwanza. Haya, swali la pili: unajua anameza nini kila siku?

Siongelei dawa alizoandikiwa hospitali. Naongelea vile vidonge vya vitamini kwenye droo ya ofisini, ule unga uliofungwa kwenye mfuko wa nailoni, yale mafuta ya habbat soda, na kile kichupa ambacho "jamaa mmoja wa gym" kamuuzia. Hapo wengi kimya!

Sisi vijana wa mjini tunavipenda vitu hivi, na sababu zipo. Unaamka saa kumi na moja alfajiri, foleni, kazi, foleni tena, unarudi saa mbili usiku umechoka taabani. Chakula cha mchana chipsi. Akitokea mtu na kopo akakwambia vidonge viwili tu kwa siku mwili unakuwa sawa, nani asivutike?

Mimi na mume wangu tuna miaka minne ya ndoa na bado tunatafuta mtoto. Kwa hiyo kabati letu la jikoni, bwana, lilikuwa kama duka dogo. Mlonge kutoka kwa mama mkwe Tanga. Muarobaini wa shangazi yangu. Habbat soda ya jirani. Kopo la vitamini la shilingi 85,000 kutoka kwa shosti wangu anayefanya biashara ya mtandao. Kila kimoja kililetwa na mtu anayetupenda, na hapo ndipo ugumu unapoanzia, kwa sababu kitu cha upendo hakiulizwi maswali.

MTI UNA NGUVU KWELI

Kabla sijaendelea, niweke wazi jambo moja. Mimi si mtu wa kudharau mitishamba. Dawa mseto ya malaria ambayo Tanzania ilianza kuitumia rasmi mwaka 2006 ina kiungo kilichotokana na mmea wa artemisia, ambao Wachina waliutumia kutibu homa tangu kale. Mwanasayansi aliyeongoza kazi ya kukipata, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwa hiyo anayesema "miti shamba haifanyi kitu" hajui anachosema.

Lakini hapo hapo ndipo penye funzo. Kama mti una nguvu ya kuponya, basi una nguvu. Na kitu chenye nguvu kinaweza pia kudhuru, kinaweza kugombana na dawa nyingine mwilini, na kina kipimo chake. Huwezi kusema "ni ya asili, haina madhara" na papo hapo ukasema "inatibu vibaya mno". Chagua moja!

Chukua muarobaini. Jina lake lenyewe linatokana na imani kwamba unatibu magonjwa arobaini, na bibi zetu wameuchemsha miaka na miaka. Sasa sikia hii: kule India, wanasayansi wamefanyia utafiti mafuta ya mbegu za muarobaini kama njia ya kuzuia mimba. Ndiyo, kuzuia! Mimi ninayetafuta mtoto nilipoijua habari hiyo, chupa ya shangazi niliihamishia bustanini ikafukuze wadudu.

Au chukua vitamini, ambazo tunaziona kama pipi. Mwaka 1994 zilitoka habari za utafiti mkubwa wa Finland uliofanywa kwa wanaume zaidi ya 29,000 wavutaji wa sigara. Baadhi yao walipewa vidonge vya betakarotini, kile kitu kinachoipa karoti rangi yake, kwa matumaini ya kuwakinga na saratani ya mapafu. Matokeo? Waliomeza vidonge hivyo walipata saratani hiyo zaidi, kwa asilimia 18. Karoti kwenye sahani haina neno. Kidonge chenye dozi kubwa kila siku, kwa mvuta sigara, ni habari nyingine kabisa.

KICHUPA CHA KWENYE BEGI

Sasa nije kwenye yaliyotupata sisi. Mume wangu aligundulika na presha akiwa na miaka 36. Akaandikiwa kidonge kimoja kila asubuhi, akawa anakimeza bila shida. Baada ya miezi kadhaa, kila wikendi akaanza kulalamika. Kichwa kinagonga, pua zimeziba, uso unamchoma kama amekaa juani. Tukasema ni mafua. Tukasema ni kiyoyozi cha ofisini.

Jumamosi moja asubuhi aliinuka kitandani, akapiga hatua mbili, akayumba. Alishika ukuta, akateleza taratibu mpaka sakafuni. Alikuwa ananiona na kunisikia, lakini miguu ilikataa. Wasomaji, nyie acheni. Dakika zile chache ni ndefu kuliko mwaka.

Hospitali walimpima, presha ilikuwa chini sana. Daktari, mama mmoja mtu mzima, akamuuliza kwa upole, "Kaka, mbali na hiki kidonge cha presha, unatumia kitu kingine chochote? Cha asili, cha mazoezi, cha nguvu?" Mume wangu akanitupia jicho, akasema, "Hapana, daktari." Yule mama akatabasamu, akanigeukia. "Dada, naomba utusubiri nje kidogo."

Waliponiita tena, begi lake la gym lilikuwa wazi na juu ya meza ya daktari pamesimama kichupa. Picha ya simba. Maandishi makubwa ya dhahabu yanasema ni asilia kwa asilimia mia. Jina la kiwanda hakuna, anwani hakuna, viungo na kiasi chake hakuna. Shilingi 60,000 kwa mwezi, ya kuongeza nguvu za kiume.

Daktari hakufoka. Alieleza hivi: sildenafil, dawa iliyomo kwenye Viagra, hutanua mishipa ya damu. Ndiyo maana huweza kuleta maumivu ya kichwa, joto usoni na pua kuziba. Ukiichanganya na baadhi ya dawa za presha, presha inaweza kushuka mno. Ukiichanganya na dawa za maumivu ya kifua za jamii ya naitreti, unaweza kupoteza maisha. Na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeonya mara nyingi kuhusu bidhaa za wanaume zinazouzwa kama "za asili" ambazo zilipopimwa zilikutwa na sildenafil ndani, wakati kwenye lebo haikutajwa.

"Sikwambii kwamba imo humu," akasema. "Nakwambia kwamba wewe huwezi kujua, na mimi pia siwezi kujua kwa kuangalia."

Halafu akaongeza neno lililomfanya mume wangu ainue kichwa. Presha yenyewe inaweza kupunguza nguvu za kiume, na baadhi ya vidonge vya presha vinaweza kufanya hivyo pia. Wanaume wengi yanawapata, na dawa inaweza kubadilishwa. Kosa ni kuacha vidonge mwenyewe kimya kimya. Kwa maneno mengine, jambo alilokuwa analificha kwenye begi lilikuwa na mlango wake hapo hapo kwenye chumba cha daktari.

KWA NINI WANAFICHA?

Usiku ule tulizungumza mpaka saa saba. Nilitaka kujua sababu, siyo kumhukumu. Akasema, "Mama akipiga simu, swali la tatu huwa lile lile: vipi, bado? Nikaona tatizo ni mimi. Nilitaka nikupe mtoto."

Nikamwambia, "Mume wangu, mtoto tutamtafuta wawili. Ukianguka bafuni, mimi nitamtafuta na nani?"

Nimeongea na mashosti baada ya hapo na nikagundua hatuko peke yetu. Wanaume wanaficha ya nguvu. Wanawake tunaficha ya kupunguza tumbo, ya kuongeza makalio, ya kung'arisha ngozi. Wengine wanaficha vidonge vya majira. Chini ya yote kuna hofu moja tu: hofu ya kuonekana umepungukiwa mbele ya mtu unayempenda. Muuzaji anaijua hofu hiyo vizuri, na ndiyo anayoiuza. Unga ni kifungashio tu.

KIDONGE NINACHOKITETEA

Msidhani nimetupa kila kitu. Kuna kidonge kimoja ninachomeza kila siku bila kukosa, na ndicho cha bei ndogo kuliko vyote: foliki asidi, maikrogramu 400.

Sababu yake kila wanandoa wanaopanga mtoto wanapaswa kuijua. Sehemu itakayokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi baada ya mimba kutungwa. Siku 28! Wengi wetu hapo hata hatujajua kama tuna mimba. Isipojifunga vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Utafiti uliotoka Uingereza mwaka 1991 ulifanywa kwa wanawake waliokwisha kuwa na mimba yenye tatizo la namna hiyo, na ulionyesha kwamba foliki asidi ilipunguza kurudia kwake kwa asilimia 72. Ndiyo maana ushauri ni kuanza kabla ya kushika mimba na kuendelea mpaka wiki ya 12. Ukisubiri kliniki ya kwanza, kazi kubwa imeshapita. Kama una kisukari, kifafa, au ulishapata mtoto wa namna hiyo, muone daktari kwanza, maana dozi yako inaweza kuwa tofauti.

Na wale mnaomeza vidonge vya kuongeza damu, chonde chonde, msivisindikize na chai. Chai na kahawa huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Meza kwa maji, au kwa juisi ya chungwa, maana vitamini C husaidia kuyafyonza. Chai iache isubiri saa moja au mbili.

Na mlonge wa mama mkwe? Upo! Majani yake ni mboga nzuri, nayapika na nazi, Mama akija anafurahi. Ila ni mboga, siyo tiba ya presha ya mwanawe, na mizizi na magamba yake hayaingii jikoni kwangu.

MEZANI, WAWILI

Tangu siku ile tumejiwekea utaratibu nyumbani. Kila kitu kinachomezwa kinakaa kwenye kikapu kimoja, juu ya meza ya kulia. Kabla kipya hakijaingia, tunaulizana maswali haya:

1. Kina nini ndani, na kiasi gani? Lebo isiyosema, haiingii.

2. Kinatibu nini hasa? Ukiambiwa kinatibu kisukari, presha, saratani na UKIMWI kwa pamoja, aga uondoke. Tunakumbuka mwaka 2011, maelfu walivyofunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu cha shilingi 500. Kuna walioacha dawa zao wakiamini wamepona.

3. Kimesajiliwa? Dawa zinasimamiwa na TMDA, iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019. Kwa tiba asili lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililotokana na sheria ya mwaka 2002.

4. Kinapatana na dawa nyingine? Anayetumia ARV, vidonge vya majira, dawa za presha, kisukari au za kuzuia damu kuganda amuulize mfamasia au daktari kwanza, hata kama ni vidonge vya kitunguu saumu.

5. Je, naweza kukimeza mbele ya mwenzangu? Kama jibu ni hapana, basi tatizo si kichupa. Kuna mazungumzo mnadaiwa.

Na siku ya kwenda hospitali, bebeni kikapu chote. Daktari hawezi kusoma kitu kilichobaki nyumbani.

Mume wangu amebadilishiwa dawa, presha yake imetulia na wikendi zetu zimerudi. Kwa kuwa tulishapita mwaka mzima wa kutafuta mtoto bila mafanikio, daktari ametuandikia vipimo sote wawili. Mimi vyangu, yeye vyake, siku moja, kwenye benchi moja. Majibu ni wiki ijayo. Yatakavyokuja tutayasoma pamoja, na Mama akipiga simu, safari hii mume wangu kasema atapokea yeye.