Namna za Kupiga Miguu Chini ya Maji

Iwapo umepata kuwatazama wageni wanaozamia kwa mitungi ya hewa katika miamba ya Misali au Mnemba, utakuwa umeona kuwa hawapigi miguu namna moja. Mmoja hupiga juu na chini kama mkasi, wa pili huitanua kama chura, na wa tatu hurudi kinyumenyume bila ya kugeuka. Si mchezo huo. Yafaa tujue sababu yake, khasa sisi wenye vijana wanaofanya kazi baharini.

Mapezi ya kuvaa miguuni yalitengenezwa na Mfaransa Louis de Corlieu, aliyepata hati ya uvumbuzi mwaka 1933. Mwaka 1943 Wafaransa wengine wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, wakatengeneza chombo cha kupumulia chini ya maji. Wazamiaji wengi wa mwanzo walipiga mkasi. Mtindo huo una nguvu, na penye mkondo mkali bado unafaa. Lakini una aibu moja: husukuma maji chini pia.

Katika kaskazini ya jimbo la Florida, Marekani, aibu hiyo iligeuka khatari. Huko yako mapango marefu ya mawe ya chokaa yaliyojaa maji ya chemchemi, na ndani yake mna tope laini kama unga. Mtu akilitibua, hata taa haimfai kitu. Wala hawezi kuibuka, kwani juu yake ni jiwe. Wengi wamekufa humo. Mwaka 1979 mzamiaji Sheck Exley alitoa kijitabu kilichochunguza ajali hizo, akahimiza kamba isiyokatika tangu mlangoni, na thuluthi mbili za hewa ziwekwe kwa kutokea. Kamba huonyesha njia. Miguu mizuri huyaacha maji yabaki safi.

Mwenye kupiga mtindo wa chura hulala sawasawa, akakunja magoti, mapezi yakawa juu ya usawa wa tumbo. Hutanua miguu, akakutanisha nyayo polepole, kisha hutulia akateleza. Maji huenda nyuma, si chini. Penye wembamba hutumia vifundo vya miguu tu. Akitaka kurudi nyuma hunyosha miguu, akageuza mapezi nje, kisha huyavuta kuelekea kwake. Akitaka kugeuka papo hapo husukuma maji kwa upande kwa pezi moja, mwili ukazunguka kama pia.

Sisi hatuna haja ya kuingia mapangoni ili tufaidike na maarifa haya. Mchanga unaotibuliwa huangukia matumbawe na kuyasonga, na tumbawe lililovunjwa kwa pezi huchukua miaka mingi kukua tena. Humo ndimo samaki wetu wanamojificha na kulelewa.

Kila mkulima anajua kuwa tawi la mkarafuu ni jepesi kukatika. Mchumaji mwenye pupa hujaza pakacha leo, akapunguza mavuno ya msimu ujao. Basi mwenye kijana anayewaongoza wageni na amwambie ajifunze mtindo wa chura kwanza mahali pa mchanga, mbali na mwamba, mpaka aweze kupita bila ya kutibua hata chembe. Hapo ndipo atakapostahili kuwapeleka wengine kwenye matumbawe.