Bandari, Mlango na Tundu: Istilahi Moja ya Kompyuta

Huko Baraka, mji wa Fizi ulio kando ya Ziwa Tanganyika, bandari ni mahali vyombo vinapotia nanga. Kifaransa, lugha rasmi ya Kongo, hutumia neno moja, port, kwa bandari na kwa kiungo cha kompyuta. Mfasiri asiyechunguza ataandika "bandari", na fundi wa redio za mawasiliano atapotea. Maana ya kompyuta yatokana na Kilatini porta, yaani lango. Hivyo mlango ndilo neno lifaalo.

Hata hivyo, mlango si tundu. Waya wa kupangia masafa ya redio huchomekwa katika tundu la USB, lakini kompyuta huutambua kama mlango wenye nambari, mathalani COM3 au COM7. Nambari hiyo ndiyo itakiwayo na programu. Ili kuijua, fundi hufungua orodha ya vifaa katika kompyuta, huchomoa waya, kisha huurudisha: nambari itowekayo na kurejea ndiyo yenyewe. Isipotokea yoyote, huenda programu ya kuutambua waya haijawekwa.

Fundi aambiwaye "badili mlango" asipojua tofauti hii atahamisha waya hadi tundu jingine. Nambari huenda ikabadilika, na redio isiitike. Basi, tundu liwe jina la kinachoshikika, na mlango la kilichopewa nambari.