"Endorse" si kuunga mkono tu

Siasa zikianza kupamba moto, neno "endorse" haliishi midomoni. Fulani ame-endorse mgombea, wazee wame-endorse, vijana nao wame-endorse. Wengi wetu tunalichukulia kuwa ni kuunga mkono, basi. Maana hiyo ipo, lakini si ya pekee, wala siyo ya asili. Na kwa kuwa neno hili limo pia katika karatasi tunazotia saini benki, bandarini na kwenye mabaraza, kulijua nusu kwaweza kumtia mtu hasarani.

Tuanze na asili yake. Kwa Kilatini "dorsum" ni mgongo. Neno likapitia Kifaransa cha kale hadi likaingia Kiingereza likiwa na maana ya kuandika mgongoni mwa karatasi. Katika vitabu vya sheria huandikwa "indorse", kwa herufi i, lakini ni neno lilo hilo.

Maana hii ya mgongoni ingali hai kwenye hundi. Mtu aliyeandikiwa hundi inayoweza kuhamishwa huigeuza, akatia saini nyuma na kumkabidhi mwingine. Kwa sheria ya Kenya ya hati za malipo, Sura ya 27, iliyofuata ile ya Uingereza ya mwaka 1882, saini hiyo hufanya mambo mawili. Huhamisha haki ya kulipwa, na humfanya aliyesaini kuwa mdhamini: hundi ikirudi bila malipo, naye akaarifiwa kwa utaratibu, aweza kudaiwa yeye. Kwa hivyo anayekuomba "utie saini hapa nyuma tu" hakuombi jambo dogo.

Sisi wa Mombasa tuna mfano ulio karibu zaidi, nao ni hati ya shehena, ile ambayo mawakala wa forodha huiita BL. Hati hiyo ikiwa imeandikwa "to order", mzigo huenda kwa yule ambaye hati imehamishiwa kwa saini ya nyuma. Saini ikitiwa bila kutaja jina la anayepewa, basi anayeishika hati ndiye mwenye haki ya kudai mzigo. Aliyeagiza gari kutoka Japani na apindue hati yake aitazame nyuma: ni nani aliyesaini, na amemtaja nani? Hati ya namna hiyo haiachwi ovyo mezani pa mtu.

Kuna mahali ambapo neno hili halina sifa yoyote. "Endorsement" kwenye leseni ya dereva ni kuandikiwa kosa alilohukumiwa nalo mahakamani. Kwenye bima ni karatasi inayoongezwa ili kubadilisha masharti ya mkataba, mathalani gari la nyumbani linapogeuzwa kuwa la biashara. Ukipewa karatasi hiyo, isome kama unavyousoma mkataba wenyewe.

Kutoka kwenye karatasi ndipo neno likahamia kwa watu. Anayem-endorse mgombea ni kama ametia saini yake mgongoni mwa mtu huyo: mnaoniamini mimi, mwaminini na huyu. Mchezaji mpira anayelipwa kutangaza viatu hufanya hayo hayo kwa bidhaa.

Hapo ndipo linapotofautiana na ndugu zake. "Support" ni pana. Ni kuunga mkono, kusaidia, hata kulisha na kusomesha wana. Waweza kum-support mtu kimoyomoyo, kwa kura yako ya siri. "Endorse" hutangazwa hadharani, kwa jina. "Approve" ni kuidhinisha, na hutaka mwenye mamlaka. "Second" ni la mikutanoni: mmoja atoa hoja, wa pili aiunga mkono ili ijadiliwe.

Tofauti hizi huwa na uzito pale mradi unapoletwa mtaani. Watu huitwa barazani, maji na soda zikapita, kisha karatasi ikazungushwa kila mtu aandike jina, nambari ya kitambulisho na saini. Ikiwa juu imeandikwa "attendance", umesaini kwamba ulihudhuria. Ikiwa imeandikwa "we endorse", umesaini kwamba umeridhia, na karatasi hiyo yaweza kuoneshwa baadaye kama ushahidi dhidi yako unapodai kuwa hukukubali. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinautaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Kushiriki ni pamoja na kuuliza na kukataa.

Kwa hivyo, karatasi ikikufikia, soma kichwa chake kabla ya kutafuta kalamu. Kama Kiingereza chake hakikueleweki, muombe aliyeileta asome kwa Kiswahili mbele ya watu wote. Kama ulikuja kusikiliza tu, andika kando ya jina lako "nimehudhuria", au usisaini.

Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Aya ya 85 ya Suratun-Nisaa yatufunza kwamba anayemwombea mtu kwa jambo jema hupata fungu lake katika wema huo, na anayefanya hivyo kwa jambo baya naye ana sehemu yake ya ubaya. Wazee na maimamu wetu, ambao majina yao hutafutwa sana nyakati za kura, walikumbuke hilo kabla ya kupanda jukwaani na kumnyanyua mtu mkono.