Dau la Mnyonge Haliendi Joshi: Vyombo vya Tanga na Uhai wa Istilahi za Ubaharia

Utangulizi

Roret ni mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya chai katika Kaunti ya Kericho. Chai ya nyanda hizo huteremka hadi Mombasa, ambako huuzwa mnadani na kupakiwa melini. Maneno nayo hupanda kwa njia iyo hiyo kutoka pwani. Mwanafunzi wa Roret huandika katika insha yake kwamba mambo yalienda mrama, kwamba msafiri alitia nanga, au kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Aghalabu mwanafunzi huyo hajawahi kuiona bahari, wala hajashuhudia tanga likitwekwa.

Makala haya yanaeleza jinsi vyombo vya kale vya mbao vinavyokarabatiwa, vinavyosafirishwa na vinavyoshindanishwa katika mwambao wa Afrika Mashariki. Yanaonyesha pia kwamba shughuli hizo ndizo zinazoihifadhi maana ya msingi ya methali na misemo mingi inayofundishwa bara. Chombo kinapotoweka, neno lake halifi papo hapo. Huendelea kutumika, ila hubaki gamba lisilo na kiini.

Maana ya joshi

Methali ya dau la mnyonge inafaa kuanziwa. Darasani, kwenda joshi huelezwa mara nyingi kuwa ni kwenda mbio. Maelezo hayo si potofu kabisa, lakini yanapunguza uzito wa methali. Mabaharia hutofautisha upande wa joshi, yaani ule unaopigwa na upepo, na upande wa demani, ambao upepo unaelekea. Kwenda joshi ni kusogea kuelekea kule upepo unakotoka. Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kuukabili upepo uso kwa uso. Nahodha hulazimika kubisha, yaani kwenda mshazari upande mmoja, kisha upande wa pili, hadi afike aendako.

Mwendo huo hudai mengi. Tanga likiwa limechakaa na kulegea, chombo husukumwa kando badala ya kusonga mbele. Mkuku ukiwa mbovu, hakishiki maji. Mabaharia wakiwa wachache, hakuna wa kukizuia kisilale upande mmoja. Kwenda na upepo kila dau huweza, hata la maskini. Kwenda joshi ni kwa aliye na zana na watu. Kwa hiyo, methali haisemi tu kwamba mnyonge huchelewa. Inasema kwamba mnyonge huenda kule anakopelekwa na upepo, na si kule anakotaka.

Ukarabati

Ukarabati huanza kwa kusubiri bamvua, kipindi ambapo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Chombo huletwa ufuoni maji yakiwa yamejaa. Yanapokupwa, husimamishwa kwa magadi, yaani miti ya kukiegemeza kisilale ubavu. Hapo fundi hukagua mkuku ulio uti wa mgongo wa chombo, mataruma yaliyo mbavu zake, na mbao za nje. Kazi hii ingali inafanywa katika kisiwa cha Lamu, hasa kijijini Matondoni, kunakojulikana kwa mafundi wa vyombo.

Ubao uliooza hung'olewa na mwingine huchongwa kwa tezo ili ukae sawasawa na majirani wake. Matundu ya misumari hutobolewa kwa keke. Kisha huja kazi ya kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta hushindiliwa katika nafasi zilizo baina ya mbao hadi maji yasipate pa kupenyea. Mbao hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu inayozama majini hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaosaidia kuwazuia wadudu watobozi.

Hata hivyo, chombo cha mbao hakikosi kuvuja kidogo. Maji yanayopenya hukusanyika ngamani, sehemu ya chini kabisa, nako ndiko yanakotekwa. Hapa ndipo methali isemayo kwamba uendapo tezi na omo marejeo ni ngamani inapopata picha yake kamili. Omo ni sehemu ya mbele ya chombo na tezi ni ya nyuma. Tone la maji liingialo mbele au nyuma hatimaye huishia ngamani, kama mtu anavyorejea asili yake baada ya kuzunguka kwingi.

Usafirishaji

Kwa kawaida chombo cha tanga hujisafirisha chenyewe. Kwa karne nyingi majahazi yalifuata kaskazi kuja Afrika Mashariki na kusi kurejea Uarabuni na Ghuba, yakibeba bidhaa kama vile boriti za mikoko. Kukisafirisha chombo nchi kavu ni jambo jingine. Mlingoti na foromali hulazimika kuteremshwa, na tumbo la chombo kuegemezwa vizuri kwa sababu halina tena maji ya kulibeba. Isitoshe, mbao zikikaa juani hukauka na kunywea, mianya ikafunguka. Hivyo chombo hurudishwa majini taratibu ili mbao zinywe maji na kuvimba tena.

Mfano wa karibuni wa safari ya namna hiyo ni ule wa Flipflopi, ingawa chombo hicho si cha mbao. Kiliundwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda kwa plastiki iliyotupwa, kwa kufuata ufundi wa kuunda majahazi ya mbao. Mwaka wa 2019 kilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja, na mwaka wa 2021 kikapelekwa bara na kutweka tanga katika Ziwa Victoria. Malighafi ilikuwa mpya, lakini mkuku ulibaki mkuku na mataruma yakabaki mataruma.

Mashindano

Huko Lamu, ambako mji wake wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2001, mashindano ya vyombo vya tanga hufanyika katika sherehe za Maulidi na katika Tamasha ya Utamaduni. Unguja nako, tamasha la filamu lililoanza mwaka wa 1998 limewahi kuandamana na mashindano ya ngalawa na majahazi.

Ushindi aghalabu hupatikana pale chombo kinapolazimika kubisha. Mabaharia hukaa upande wa joshi, wengine wakijitokeza nje kabisa juu ya ubao, ili uzito wao ukizuie chombo kisilale. Wakati wa kugeuza, tanga huzungushwa mbele ya mlingoti na kila mtu huhamia upande wa pili kwa amri moja. Amri zikiwa mbili, watu hugongana, tanga hupigapiga, na chombo huanza kuyumba huku na huku. Huko ndiko kwenda mrama. Aliyeona hali hiyo mara moja hahitaji kuelezwa kwa nini manahodha wengi huhofiwa.

Mashindano haya yana manufaa mengine. Injini imewapunguzia wengi haja ya tanga, na mbao nzuri zina gharama kubwa. Mwenye mashua anayetaka heshima ya kushinda ana sababu ya kutafuta fundi, na fundi ana sababu ya kumfunza kijana tezo na kalafati pamoja na majina yake.

Funzo la mtepe

Mtepe unaonyesha hatari iliyopo. Chombo hiki kilishonwa kwa kamba za makumbi bila misumari, na tanga lake la mraba lilisukwa kwa majani. Kilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mfano wake ulioundwa mwaka wa 2003 uliwekwa Beit al-Ajaib mjini Zanzibar, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Chombo kinachobaki katika jumba la makumbusho pekee hakina mabaharia wa kukitaja kila siku.

Hitimisho

Si lazima kila mwanafunzi wa Roret apelekwe Lamu. Mwalimu anaweza kuchora chombo ubaoni, akaonyesha omo, tezi na ngama, kisha akachora mshale wa upepo na kuuliza joshi ni upande upi. Vyama vya Kiswahili navyo vinaweza kuwaendea mafundi na manahodha, wakanakili istilahi zao wangali wapo. Kufanya hivyo kutamwezesha mwanafunzi wa nyanda za chai kuitumia methali ya dau la mnyonge kwa kuielewa, na si kwa kuikariri.