Kuhesabu Nyumba za Wageni Zisizo na Leseni

Muuza gongo hujificha uani. Anayepangisha nyumba kwa wageni wa siku mbili tatu bila leseni hawezi kujificha hivyo, kwa sababu bila tangazo hapati mgeni. Lazima aoneshe kitanda, jiko na roshani, ataje bei, na aweke kalenda ya siku zilizo wazi. Ndiyo maana biashara hii, hata inapokwepa daftari la serikali, inaweza kukadiriwa na mtu yeyote mwenye kompyuta na subira.

Aliyelithibitisha hilo kwa upana kuliko wengi ni Murray Cox wa New York, mwanzilishi wa mradi wa Inside Airbnb. Programu yake hupita tangazo kwa tangazo katika Airbnb, tovuti ya kupangishia wageni, ikinakili yaliyo wazi: kama ni nyumba nzima au chumba, bei, idadi ya chini ya siku za kulala, maoni ya wageni, namba ya mwenyeji na, pale sheria inapodai, namba ya leseni. Mahali panaoneshwa kwa kukadiria tu, kwa tofauti inayoweza kufika mita 150, kwa hiyo mtaa unaujua lakini mlango huujui.

Barcelona inatufundisha namna ya kuzitumia data hizi. Jiji hilo liliacha kutoa leseni mpya za nyumba za watalii mwaka 2014. Mwaka 2024 zilizokuwapo zilikuwa 10,101, na meya Jaume Collboni alitangaza Juni mwaka huo kwamba hazitahuishwa, ili kufikia Novemba 2028 pasiwe na hata moja. Sababu aliyoitoa ni kodi ya nyumba iliyopanda kwa asilimia 68 katika miaka kumi. Kila leseni ina namba inayoanza na herufi HUTB, nayo inapaswa kuonekana kwenye tangazo.

Wenye haraka huchukua jumla ya matangazo, wakatoa idadi ya leseni, na kuita baki yake haramu. Hesabu hiyo ina kasoro pande zote mbili. Nyumba moja huweza kutangazwa mara tatu, na hapo baki huvimba. Tena nyumba yenye leseni huenda haipo kabisa katika tovuti hiyo, na katika kutoa huko leseni yake ikaficha nyumba nyingine isiyo nayo. Kinachotakiwa ni kulinganisha namba na namba. Ukifanya hivyo unabaki na mafungu tofauti: tangazo lisilo na namba, namba ambayo haimo katika daftari, namba moja inayotumika kwa nyumba za mitaa miwili, na wale wanaojiandika kuwa wamesamehewa kwa kuwa wanapangisha kwa mwezi na zaidi. Fungu la mwisho ndilo linalosumbua, maana humo mna wapangishaji wa kweli na humo humo mna wanaopokea mgeni wa wikendi.

Mei 2025 serikali ya Hispania ilitumia ukaguzi wa aina hii kuiagiza Airbnb iondoe matangazo 65,935. Mengine hayakuwa na namba, mengine yalikuwa na namba isiyolingana na daftari, na mengine hayakusema kama mwenye nyumba ni mtu binafsi au kampuni. Msomaji akumbuke kuwa hayo ni matangazo; nyumba zenyewe huweza kuwa pungufu.

Kazi ngumu zaidi ni kukadiria siku. Paris, tangu Januari 2025, inamruhusu mtu kupangisha makazi yake ya kudumu kwa siku zisizozidi 90 kwa mwaka. Data za wazi hazioneshi siku zilizolipiwa, zinaonesha maoni. Tuseme nyumba imepata maoni 20 kwa mwaka, na kila mgeni hulala siku tatu. Tukikubali kwamba asilimia 72 ya wageni huandika maoni, nyumba imepangishwa siku 83, na mwenyewe hana kosa. Tukichukua asilimia 50, kiwango kinachotumiwa na Inside Airbnb, zinakuwa siku 120. Tukishuka hadi asilimia 30.5, zinakaribia 197. Nyumba ni ile ile na maoni ni yale yale, lakini dhana moja inamfanya mwenyeji mwema na nyingine inamfanya mvunja sheria. Viwango vyote vitatu vimewahi kutumika katika makadirio ya kweli. Gazeti linalochapa tarakimu moja bila kutaja dhana iliyoizaa linamnyima msomaji haki yake, na mimi nataka makadirio yachapwe kama masafa: kutoka hapa mpaka pale.

Data hizi zinahitaji kunakiliwa mara kwa mara. Novemba 2015, siku chache kabla ya Airbnb kuwaonesha waandishi takwimu zake za New York, matangazo zaidi ya 1,000 ya nyumba nzima yaliondolewa. Cox na mwenzake Tom Slee waligundua hilo kwa sababu walikuwa na nakala za kabla na za baada. Na sheria kali ya jiji hilo kuhusu upangishaji wa chini ya siku 30 ilipoanza kusimamiwa Septemba 2023, matangazo mengi hayakutoweka. Yalibadilisha tu idadi ya chini ya siku kuwa 30, ambapo sheria ile haifiki.

Huku kwetu hesabu ina tundu jingine. Nairobi mtu akisema "Airbnb" mara nyingi hazungumzii kampuni; ni chumba chochote cha kulala siku mbili, hata kilichopatikana kwa dalali au kwa WhatsApp. Ukihesabu tovuti moja utapata pungufu. Lakini hata hiyo pungufu huwezi kuigawa kati ya wenye leseni na wasio nayo bila daftari la kulinganishia. Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii ya Kenya iliwataka wenye nyumba hizi wajisajili Januari 2024, na Zanzibar ina Kamisheni yake ya Utalii inayosimamia malazi ya wageni. Kwa taasisi zote mbili ombi langu ni moja: jedwali la wazi lenye namba ya leseni, wadi au shehia, idadi ya vyumba na tarehe ya kuisha, bila jina wala simu ya mtu, pamoja na sharti kwamba namba hiyo iandikwe kwenye kila tangazo. Mwanafunzi wa takwimu akilipata jedwali hilo atailinganisha Diani, Nungwi au Kilimani nzima kwa siku chache, na mwenye nyumba ya wageni anayelipa ada zake kila mwaka atajua ni jirani wangapi anaoshindana nao ambao hawalipi.