Dirisha Lililotimiza Sheria

Mwishoni mwa 1878, jarida la The Plumber and Sanitary Engineer la New York lilitangaza shindano la uchoraji ramani. Ilitafutwa nyumba ya wapangaji wa kipato cha chini yenye hewa na mwanga, lakini inayomlipa mwenye nyumba vizuri. Tena ikae kwenye kiwanja cha kawaida cha mji ule, futi 25 kwa 100. Msanifu James E. Ware ndiye aliyeshinda.

Haja ilikuwepo. Bandari na viwanda vya nguo vilikuwa vinameza watu: Waairishi na Wajerumani walitangulia, wakafuata Waitalia na Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Wengi walijibana Lower East Side, eneo la Manhattan lililo karibu na kazi, katika nyumba ambazo vyumba vyake vya kati havikuwa na dirisha hata moja. Sheria ya 1879 ikaagiza kila chumba cha kulala kiwe na dirisha linalopokea hewa ya nje. Ramani za aina ya Ware zilitimiza agizo hilo kwa kuiminya nyumba katikati ya ubavu wake. Nyumba mbili zikisimama bega kwa bega, sehemu hizo mbili zilizominywa zinaacha tundu la hewa, na madirisha yanafungukia humo.

Aliyewahi kupanga chumba chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani ameshajua mwisho wa hadithi. Upande wa kila nyumba uwazi huo ulikuwa na upana wa inchi 28 hivi, kama sentimita 70. Ulipanda ghorofa tano au sita, umezibwa mbele na nyuma, na mwanga ulikufa kabla ya kufika chini. Mama wa ghorofa ya tano, anayeshona nguo za kiwanda nyumbani na kulipwa kwa kipande, hakuwa na nafasi ya kushuka ngazi zote zile na ndoo ya taka. Taka zikatupwa dirishani. Harufu ikapanda, watu wakafunga madirisha yale yale yaliyotungiwa sheria. Moto ulipozuka, tundu liliuvuta juu kama bomba la moshi na kuupeleka kwa jirani.

Wapo waliowalaumu wapangaji kwa uchafu. Lawama hiyo ni rahisi mno. Ramani ilitekelezwa vizuri tu, na mkaguzi aliyehesabu madirisha aliyakuta yote. Kilichoharibu kazi ni sharti la mwanzo kabisa ambalo hakuna aliyethubutu kuligusa: kiwanja chembamba, na faida ya mwenye nyumba juu yake. Kwenye futi 25, kila inchi ya hewa ni inchi ya kodi iliyopotea.

Mwaka 1900 Lawrence Veiller, mpigania makazi bora, aliandaa maonyesho kuhusu nyumba hizo, na ndani yake akaweka mfano wa kadibodi wa mtaa mmoja halisi wa Lower East Side: nyumba 39, watu 2,781, vyoo 264. Wakati huo takriban theluthi mbili ya wakazi wa jiji waliishi katika nyumba za wapangaji za aina mbalimbali. Mwaka uliofuata sheria mpya ikapiga marufuku matundu hayo kwa majengo mapya na kudai ua wa kweli, na choo ndani ya kila makazi. Ua huo ulikula nafasi kubwa kiasi kwamba kiwanja cha futi 25 hakikulipa tena, na wajenzi wakaanza kuunganisha viwanja. Hapo ndipo hewa ilipopatikana.

Wenye nyumba za zamani waliamriwa nao kuondoa vyoo vya uani. Mmoja wao alipinga hadi Mahakama Kuu ya Marekani, akashindwa mwaka 1906. Lakini nyumba zenyewe hazikuamriwa kubomolewa. Nyingi kati ya zile zilizojengwa baada ya 1879 zingali zimesimama Manhattan, na zinapangishwa.