The Hobbit: Toleo la Kulipia na Toleo la Kuacha

Kitabu cha The Hobbit kina sura 19. J.R.R. Tolkien alikitoa Septemba 1937, akiwalenga watoto, na msomaji mwenye mazoea hukimaliza kwa siku chache za mapumziko. Filamu za Peter Jackson zilizotokana nacho ni tatu, na ukizitazama mfululizo utatumia dakika 474, yaani saa 8 kasoro dakika 6. Hapo ndipo mabishano ya watazamaji yanapoanzia, na hapo ndipo mfuko unapoguswa. Anayetaka kuijua safari ya Bilbo Baggins leo ana njia nyingi mbele yake, na njia hizo hazilingani kwa bei, kwa muda wala kwa utamu.

Msimamo wangu nautoa mapema. Anza na kitabu. Kisha tazama filamu ya kwanza, ile ya 2012, katika toleo lake la sinema. Hapo simama, ujiulize kama kweli unataka kuendelea. Matoleo marefu ya The Hobbit yanawafaa watu wachache. Matoleo marefu ya The Lord of the Rings ni habari nyingine, nitayafikia.

Kwanza tupige hesabu, maana ndiyo inayoeleza hasira za wengi. The Lord of the Rings, kitabu kilichotoka kati ya 1954 na 1955, ni kirefu kuliko The Hobbit mara tano hivi. Filamu zake tatu, za 2001, 2002 na 2003, zina jumla ya dakika 558 kwa matoleo ya sinema. Kwa hiyo kitabu kikubwa mara tano kilipewa saa moja na dakika 24 tu zaidi ya kile kidogo. Huhitaji kuwa mhakiki kuona kwamba sehemu moja imebanwa na nyingine imevutwa. Mpango wa awali wa The Hobbit ulikuwa filamu mbili. Guillermo del Toro, aliyetarajiwa kuziongoza, alijitoa mwaka 2010, Jackson akashika mwenyewe, na Julai 2012, miezi michache tu kabla ya filamu ya kwanza kutoka, akatangaza kwamba zitakuwa tatu. Nyama ya kujazia ilitolewa kwenye viambatisho vya The Lord of the Rings, na nyingine ikatungwa na waandishi wa filamu wenyewe.

Wanaozipenda filamu hizi wana hoja, na si haki kuwapita. Filamu zote tatu zilipata alama za kundi la A kutoka kwa watazamaji waliohojiwa na CinemaScore wakitoka ukumbini nchini Marekani. Ya kwanza ilivuka mapato ya dola bilioni 1 duniani. Watu walirudi Shire, kwao Bilbo, wakaisikia tena sauti ya Ian McKellen akiwa mchawi Gandalf, wakaiona New Zealand na milima yake, wakatoka wameridhika. Lawama zilipamba moto baadaye, pale watu walipokuwa wameziona zote tatu na kujua jumla ya walichokilipia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni joka Smaug. Mtu aliyenunua tiketi ya filamu ya pili Desemba 2013 alikaa dakika 161. Mwishoni Smaug anamwagiwa dhahabu iliyoyeyuka, anaikung'uta mwilini, anaruka usiku kuelekea mji wa ziwani, na skrini inakuwa nyeusi. Filamu imekwisha. Akasubiri mwaka mzima, akanunua tiketi ya tatu, na Smaug akaanguka kwa mshale wa Bard, mpiga upinde wa mji huo, hata kabla jina la filamu halijatokea kwenye skrini. Yaani joka lilijengwa kwa tiketi moja, likauawa mwanzoni mwa tiketi nyingine. Binafsi naona watazamaji hawakutendewa haki hapo. Kwako wewe unayekodi au kununua leo, funzo la kiutendaji ni hili: filamu ya pili na ya tatu zichukue pamoja, au uziache zote mbili. Kulipia ya pili peke yake ni kulipia nusu ya tukio.

Filamu ya kwanza haina tatizo hilo. Inaanza, inakwenda, na inafika mahali pa kupumzika. Tena ndiyo yenye tukio ambalo hata wanaozichukia hizi filamu hulisifu: Bilbo na Gollum wakitegana vitendawili kandokando ya ziwa la chini ya mlima. Katika kitabu ni sura ya 5. Jackson hakuliharakisha. Martin Freeman, akiwa Bilbo, amesimama na upanga wake mdogo, Andy Serkis anamzunguka akiwa Gollum, mara mpole, mara mwenye njaa, na uso unabadilika kati ya sentensi moja na nyingine. Hakuna mapigano, hakuna majengo yanayoporomoka. Ni viumbe wawili wanapimana akili, na mmoja akishindwa ataliwa. Ningelipia tukio hilo peke yake.

Liweke kando ya mapipa ya filamu ya pili. Kwenye kitabu Bilbo anawafungia mbilikimo 13 anaosafiri nao ndani ya mapipa ili watoroke jumba la mfalme wa Waelfi, yeye mwenyewe anadandia pipa kwa nje, analowa, anatetemeka, anapata mafua. Hofu yake ni ya kawaida kabisa: je, wamo hai humo ndani? Kwenye filamu mapipa yako wazi, maadui wanarusha mishale kutoka kingo za mto, Mwelfi Legolas anakanyaga vichwa vya mbilikimo akipigana, na pipa la Bombur linabingirika nchi kavu likiwabwaga maadui. Vijana wengi wanalipenda tukio hili, na kwenye skrini kubwa linasisimua kweli. Ila Bilbo, aliyekuwa shujaa wa mpango mzima, anageuka abiria. Ukimpenda Bilbo utaumia, na ukipenda purukushani utafurahi. Jiulize wewe ni yupi, na jibu hilo litakuokolea fedha kuliko maoni ya mhakiki yeyote.

Kuhusu Tauriel, askari wa Kielfi aliyechezwa na Evangeline Lilly, mimi siko na wanaolalamika kwamba hayumo kitabuni. Hadithi nzima ya Tolkien haina mwanamke mwenye nafasi ya kutenda, na kumwongeza mmoja si dhambi. Lawama inayosimama ni kwamba waandishi walimletea mapenzi na mbilikimo Kili, huku Legolas naye akimtamani, kisha wakakosa muda wa kuyafanya yaaminike.

Filamu ya tatu ndiyo fupi kuliko zote, dakika 144, na sehemu kubwa ni vita. Kitabuni Bilbo anapigwa jiwe kichwani, anazimia, na anapozinduka vita imekwisha. Thorin, kiongozi wa mbilikimo, amelala akingoja kifo, na mazungumzo yao ya kuagana ndiyo moyo wa sura zile za mwisho. Filamuni mazungumzo yale yapo, na Richard Armitage, anayemcheza Thorin, ameyatendea haki, ila kuyafikia ni lazima upite kwenye mapigano yanayochosha.

Sasa gharama za nyumbani. Kwa wengi wetu bei ya filamu mtandaoni si ya kukodi tu. Kuna bando. Netflix inakadiria kwamba saa moja ya picha ya HD hula hadi GB 3, na picha ya kawaida hadi GB 1. Tumia makadirio hayo kwa huduma yoyote ya aina hiyo, na filamu tatu za The Hobbit zitakula karibu GB 24 kwa HD, au karibu GB 8 kwa picha ya kawaida. Ukitazamia kwenye simu, HD ni hasara. Ukitazamia kwenye luninga, pakua kwanza mahali penye Wi-Fi ya bure kama huduma unayoitumia inaruhusu, ndipo utazame.

Kitabu cha kusikiliza kina hesabu ya kushangaza. Mwaka 2020 ilitoka rekodi ya The Hobbit nzima iliyosomwa na Andy Serkis, yule yule Gollum, yenye urefu wa saa 10 na nusu hivi. Ni ndefu kuliko filamu zote tatu kwa zaidi ya saa 2. Lakini sauti kwa ubora wa kilobiti 64 kwa sekunde hula kama MB 29 kwa saa, kwa hiyo kitabu kizima ni takriban MB 300. Ndiyo njia ndefu kuliko zote, na kwa bando ndiyo rahisi kuliko zote. Inamfaa mtu wa foleni za Mombasa Road au za Morogoro Road, mradi Kiingereza cha kusikiliza hakimpi shida. Anayependa kusoma kwa utulivu atafute nakala ya karatasi. Kitabu hiki kimechapishwa mara nyingi mno kwa miaka mingi, kwa hiyo kukikuta kwa wauza vitabu vya mitumba si ajabu, na nakala moja husomwa na nyumba nzima.

Wenye watoto wadogo waangalie pia katuni ya Rankin/Bass ya 1977. Ni dakika 77 tu. Ilichorwa Japani na studio ya Topcraft, na baadhi ya wachoraji wake baadaye walikwenda Studio Ghibli. Imekata mengi, Beorn, mtu anayegeuka dubu, hayumo kabisa, wala kito cha Arkenstone. Sura za wahusika zinaweza kuonekana za kizamani kwa mtoto aliyezoea katuni za leo. Hata hivyo inamaliza hadithi yote katika kikao kimoja, na nyimbo zake zina mashabiki mpaka sasa.

Na kwenye vibanda vya video? Utamaduni wa kutafsiri filamu kwa mdomo, uliojengwa na watu kama DJ Afro kwa Kenya na marehemu Lufufu kwa Tanzania, umewafungulia mamilioni mlango wa sinema. Kwa mapipa na kwa vita ya filamu ya tatu, msimuliaji mzuri huongeza ladha. Kwa vitendawili vya Gollum hapana, kwa sababu utamu wote uko katika sauti za waigizaji, na sauti hizo zikifunikwa tukio limekufa.

Kuna lawama moja ambayo mnunuzi wa leo hana haja ya kuiogopa. Kuanzia mwaka 2012 Jackson alizionyesha filamu hizi katika baadhi ya kumbi kwa picha 48 kwa sekunde badala ya 24 zilizozoeleka. Wengine waliona uwazi wa ajabu. Wengine walisema mapango na ndevu za bandia vinaonekana kama tamthilia ya luninga, na wapo walioumwa kichwa. Matoleo ya diski yalirudi kwenye 24. Ikiwa nyumbani bado unaona picha laini kupita kiasi, kosa huenda ni la luninga. Ingia kwenye mipangilio, tafuta TruMotion kwa LG, Auto Motion Plus kwa Samsung au Motionflow kwa Sony, uzime. Haigharimu kitu, na kila filamu utakayotazama itapona.

Tukija kwenye matoleo marefu, ya The Hobbit yana dakika 182, 186 na 164. Ya kwanza imeongezewa wimbo wa mfalme wa majini wa pangoni na mbilikimo wakioga kwenye chemchemi ya Rivendell, vitu ambavyo havibadilishi lolote. Ya pili ndiyo yenye nyongeza ya maana: baba yake Thorin anaonekana, na mbilikimo wanaingia kwa Beorn wawili wawili kama kitabuni. Ya tatu ina mazishi ya Thorin, ambayo kukosekana kwake ukumbini kuliwaudhi wengi, na kwa haki. Lakini wazazi wasikilize: toleo hilo refu la tatu lilipewa alama ya R nchini Marekani kwa sababu ya ukatili, wakati la sinema lilikuwa PG-13. Usimnunulie mtoto ukidhani ni filamu ile ile iliyoongezwa dakika.

The Lord of the Rings ni kinyume chake, kwa kuwa kule kitabu kilibanwa na kila dakika iliyorudishwa ina kazi. Toleo refu la filamu ya pili linamwonyesha Boromir, yule wa filamu ya kwanza, akiwa na ndugu yake Faramir mbele ya baba yao, na ghafla unaelewa kwa nini Faramir anataka kuipeleka nyumbani pete yenye nguvu inayogombewa. Toleo refu la tatu linarudisha kifo cha mchawi Saruman, kilichokatwa ukumbini na kumsikitisha sana Christopher Lee aliyemcheza. Yote matatu yanapita saa 11, kwa hiyo mgeni asianzie hapo. Atazame filamu ya 2001 katika toleo la sinema, dakika 178. Ikimshika, ya pili na ya tatu achukue matoleo marefu moja kwa moja, asilipie mara mbili.